Nati Ziko Upande wa Dada

Mtu akiniita kumtundikia televisheni, mimi siulizi inchi. Nauliza kilo. Wengi hubabaika, wakatanua mikono kama anayesimulia urefu wa nyoka, wakasema, "Kubwa, fundi, we njoo tu." Mzee huyu alinijibu kabla sijavua viatu mlangoni.

"Thelathini na nane na gramu mia mbili. Bila waya. Kirimoti ni gramu tisini na tano, lakini hiyo sidhani kama utaitundika."

"Umejuaje, Mzee?"

"Nimejuaje!" Alimgeukia mkewe. "Ananiuliza nimejuaje."

Mkewe, mama mnene mwenye sauti ya upole na macho ya ujanja, alinivutia kiti na kunieleza. Mzee alikuwa karani wa mizani ya malori kwa miaka thelathini na mmoja. Lori likizidisha hata gunia moja, gunia hilo lilishushwa, dereva alie asilie. Siku ya kustaafu wenzake walimpa televisheni hii, pana kama mlango, nene mgongoni, mtindo wa zamani kidogo. Waliiweka juu ya meza, wakatandika na kitambaa chini yake ipendeze. Jumanne mjukuu wao wa kike, mwenye miaka miwili, alikivuta kitambaa.

"Ilianza kumwinamia hivi," mama alisema, akiinama. "Mimi nikaidaka kwa mgongo. Hadi leo nikikaa nakaa upande."

"Na binti yetu alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni," Mzee alimalizia, sauti imeshuka.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi yenyewe. Binti alikuwa anaanza ajira mpya Jumatatu, na mtoto alikuwa aje kushinda kwa babu na bibi kila siku. Mzee alikwisha nunua kikombe kidogo chenye masikio mawili. Lakini baada ya Jumanne binti alikata kauli: hadi Jumapili jioni televisheni iwe juu ukutani, imeshikwa barabara, la sivyo mtoto atapelekwa kwa mama mkwe wa binti, mwendo wa siku nzima kutoka hapo, na kuonekana kwake itakuwa ni likizo hadi likizo. Nami niliitwa Jumamosi saa nne asubuhi.

Nilikagua sebule. Ukuta wa mbele ulikuwa na mlango, wa kushoto dirisha, na wa kulia ulificha mabomba ya bafuni, hivyo sikutaka hata kuugusa. Ulibaki ukuta mmoja mpana, mtupu, uliopakwa rangi ya maziwa.

"Huo huo," alisema Mzee. "Gonga! Gonga usikie."

Aliinama kidogo akaugonga kwa vifundo vya vidole, usawa wa kiuno. Nami nikagonga alipogonga yeye. Ukuta ulijibu kwa sauti nzito ya kitu kilichoshiba. Nikaridhika. Nakiri hilo lilikuwa kosa langu, maana fundi hugonga pale atakapotoboa, si pale anapokaribishwa.

Nikapima. Mtoto wa miaka miwili akisimama juu ya kiti anafika mbali kuliko mzazi anavyodhani, kwa hiyo niliweka alama za breketi, kile chuma cha kuishikilia televisheni, juu, usawa wa uso wangu. Nikalaza pima maji, kiputo kikakaa katikati, nikawasha mashine ya kutobolea.

Ncha ya chuma ilikula plasta, ikakwaruza kidogo, halafu ikamezwa. Nilikwenda nayo mzima mzima, paji la uso likaugonga ukuta. Upande wa pili mtu alipiga kelele.

"Weee! Nani huyo ananitobolea?"

Mzee alibadilika rangi. "Chomoa," alininong'oneza. "Chomoa taratibu, pengine hajaona."

"Nimeona!" ukuta ulijibu. "Vumbi limemwagikia gauni jeupe la watu!"

Nikachomoa. Mwanga mdogo ulipenya tunduni, kisha ukazimika. Nilipochungulia nikakutana na jicho.

"Mwambie ni bahati mbaya," Mzee aliniambia, yeye mwenyewe akijibanza pembeni kama mtu anayekwepa mvua.

"Anasema ni bahati mbaya," nikalieleza jicho.

"Mwambie yeye mwenyewe ndiye bahati mbaya."

"Huyo ni nani?" nilimuuliza mama.

"Wifi yangu. Dada yake mkubwa. Hawasemeshani mwaka wa pili huu."

Nikawasha birika lao kwa ruhusa yake, maana niliona kazi imepata mlolongo. Mama akanisimulia pale pale jikoni, huku mlango umerudishwa.

Nyumba ilikuwa moja, ya mama yao. Mama alipofariki, Mzee aliona njia ya haki ya kugawana vyombo ni moja tu: aliazima mizani kazini. Kila kitu kilipandishwa, kuanzia kitanda hadi mwiko. Dada, aliyekuwa mshonaji, alipata cherehani ya chuma ya mama yao, na kwa kuwa cherehani ile ilikuwa nzito ajabu, Mzee alihitaji kitu cha kusawazisha upande wake. Akapandisha sanduku la nguo za mama. Nguo zote. Kilo mia na kumi na nne huku, kilo mia na kumi na nne kule. Dada akaomba walau kitambaa kimoja, kile cha mama cha kujifunga kichwani. Mzee akamjibu kwamba mizani imekwisha lala sawa.

"Alisema hivyo?"

"Kwa maneno hayo hayo. Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nikimfinya."

Wakagawana na nyumba. Ukuta wa kati nao ukajengwa kwa haki: kila mmoja alete nusu ya matofali. Mzee alileta yake kwanza, ya zege tupu, mazito, yakapangwa hadi kiunoni. Kufikia hapo dada alikuwa amechoka kuona sura yake, akanunua matofali ya matundu, mepesi, yanayopatikana siku hiyo hiyo, wamalize watengane. Nusu ya chini ya ukuta ni ya Mzee. Nusu ya juu ni ya dada. Na televisheni ilitakiwa kukaa juu.

Nilirudi sebuleni nikamweleza Mzee bila kuzungusha. Skrubu ndani ya tofali la matundu ni sawa na kuchomeka kijiti ndani ya mkate, itakaa wiki, mwezi, halafu siku moja itachomoka na vyote ilivyobeba. Njia ya salama ilikuwa kupitisha bolti ndefu ukuta mzima, na upande wa pili kuweka ubao mgumu, washa pana, yaani vile vipete bapa vya chuma, na nati. Hapo mzigo unashikwa na ukuta wote kwa mbele na nyuma.

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo nati zitakuwa upande wa dada."

"Ndiyo."

"Yaani televisheni yangu itashikwa na dada."

"Itashikwa na nati, Mzee."

"Zilizo chumbani kwa dada! Mwenye spana!" Alizunguka meza mara mbili. "Tuishushe. Tuitundike kwenye matofali yangu mimi."

Nikachukua chaki nikamchorea mahali ambapo ingekaa kwenye matofali yake. Ukingo wa chini ulikuwa karibu na sakafu.

"Hapo mtoto hatahitaji hata kiti," nilisema. "Ataiegemea tu."

Simu yake ikalia mezani. Binti. Mzee aliishika kana kwamba ina joto.

"Baba, televisheni iko ukutani?"

"Iko... inaelekea ukutani, mwanangu."

"Kesho jioni nakuja kuiangalia. Nitaivuta mwenyewe kwa mikono yangu. Ikitikisika, baba yake anamsafirisha mtoto Jumatatu alfajiri, na mama mkwe amekwisha tandika kitanda cha mtoto."

Simu ilipokatika, Mzee alibaki ameitazama. Alikuwa ameshika tama, na kwa mara ya kwanza tangu niingie hakutaja uzito wa kitu chochote.

"Nenda," aliniambia. "Zunguka. Muulize anataka nini."

Mlango wa dada ulitazama uani. Nilimkuta mwanamke mwembamba, futi ya kushonea shingoni, pini tatu midomoni, akipulizia vumbi gauni jeupe. Nilimwomba radhi. Nikamsaidia kupiga brashi, na gauni likatakata. Kisha nikamweleza habari ya bolti, ubao na nati. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoa pini moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo hawezi kuitundika bila mimi."

"Hawezi, Mama."

"Rudia tena, mwanangu. Polepole."

Nikarudia. Alifumba macho kama anayenusa kitu kizuri jikoni.

"Mdogo wangu si ni mtu wa mizani? Basi twende kwa mizani. Televisheni yake na chuma chake cha kuitundikia, vyote vinalalia matofali yangu. Uzito atakaoweka kwenye ukuta wangu, anipe uzito huo huo wa nguo za mama yetu. Asipunguze hata gramu."

Nilikuwa bado natafuta namna ya kuufikisha ujumbe ule, sauti ya Mzee ikatoka tunduni.

"Hiyo si haki! Bolti zinagawana mzigo!"

"Ahaa, kumbe umeweka sikio," dada alisema, akaliendea tundu. "Gawa basi. Bolti ngapi ziko kwenye matofali yako?"

Tunduni kilisikika kikohozi tu.

"Fundi, bolti ngapi?"

"Hakuna, Mama," nikasema. "Zote sita ziko juu."

"Zote sita!" alilipulizia tundu, na upande wa pili Mzee akapiga chafya.

Niliporudi sebuleni, sanduku lilikuwa limekwisha kokotwa katikati ya chumba na Mzee amepiga magoti mbele yake. Mizani alikuwa nayo, ndogo ya bafuni, na sikushangaa. Aliifungua kofuli, na harufu ya nguo zilizokaa ikajaa sebule. Zilikuwa zimekunjwa vile vile, hakuna hata moja iliyowahi kuvaliwa wala kutumiwa.

"Mwaka wa pili umezifungia za nini?" nilimuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kidogo.

"Zilikuwa sehemu yangu," alijibu, na ilisikika wazi kwamba jibu lenyewe halikumtosha.

Akapima. Kilo thelathini na moja. Televisheni na breketi yake yenye kilo tano ilifika arobaini na tatu, nasi tukasamehe zile gramu. Alipiga hesabu hewani kwa kidole.

"Napungukiwa na kilo kumi na mbili," alitangaza tunduni. Hakuyapitisha kwangu tena. Nadhani alisahau.

"Hilo ni lori lililozidisha," tundu lilijibu. "Wewe hulifanya nini lori kama hilo? Si unalirudisha?"

"Dada, sanduku lote! Kwangu haibaki hata leso!"

"Uliponiambia mizani imelala sawa mimi nilibaki na leso?"

Mzee alikaa sakafuni kando ya sanduku. Mimi nilikwisha anza kukunja waya wa mashine yangu, maana siwezi kutundika kitu ambacho najua kitaanguka, hata mteja alie machozi. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa kukubali, kwani alikuwa amewaambia madereva maneno hayo hayo maisha yake yote.

Mama ndiye aliyekohoa kutoka mlango wa jikoni.

"Mume wangu, mtoto ana kilo ngapi?"

"Kumi na mbili na robo. Jumapili iliyopita, baada ya kula," alijibu papo hapo, kisha akamtazama mkewe vizuri. "Kwa nini?"

"Nauliza tu," alisema mama, na kupaza sauti kidogo kuelekea ukutani. "Wifi, umesikia? Kumi na mbili na robo."

Upande wa pili cherehani ilisimama.

"Asubuhi," sauti ilisema, na haikuwa ile ya kwanza. "Kila siku hadi saa sita mchana. Yule ni mjukuu wangu pia, na mara ya mwisho kumbeba alikuwa hajaota jino."

"Asubuhi ndiyo anachangamka!" Mzee alifoka. "Mchana atakuwa amelala! Nitakuwa napokea mtoto aliyelala!"

"Basi mpeleke kwa mama mkwe, wote tumkose. Fundi, nenda na heri, mwanangu."

Mzee alitazama kikombe chenye masikio mawili kilichokuwa juu ya kabati. Halafu akajiinua kwa kushikilia sanduku, akalishika mpini mmoja, akaniashiria nishike wa pili.

Tukazunguka nalo nje. Hapo mlangoni ndugu wale wakaonana uso kwa uso, na nilipotegemea kusikia neno la upatanisho, Mzee alisema, "Kilo thelathini na moja. Unaweza kuhakiki." Dada akajibu, "Weka pale." Alisubiri tutoke ndipo akafungua. Kupitia tunduni, nilipokuwa nikipima alama za bolti nyingine, nilimwona amekiweka kitambaa cha kichwani usoni, mabega yakimtikisika. Nilijitia hamnazo, nikapima tena nilichokwisha kupima.

Kazi yenyewe, baada ya hapo, ilikwenda upesi. Nilitoboa matundu yaliyobaki, dada akishikilia mfuko upande wake kukinga vumbi. Nilipitisha bolti sita, nikazunguka kuweka ubao mgumu, washa, kisha nati. Dada alitaka kukaza mwenyewe. Nikampa spana, nikamwonyesha kiasi, akakaza nati zote sita kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mikono ile.

Lakini situndiki kioo kabla ya kujaribu breketi kwa uzito maradufu. Tulihitaji kitu cha kilo zaidi ya themanini.

Mzee alimtazama mkewe.

"Usithubutu," alisema mama. "Ukitamka namba mbele ya mgeni, leo utalala na televisheni yako."

"Mimi ni sabini na nne," Mzee alisema haraka.

Basi akaning'inia yeye, amejifunga ndoo ya maji kiunoni, mikono yake imekumbatia chuma, miguu imekunjwa, kama koti lililosahauliwa. Ndoo ilimmwagikia suruali. Nikahesabu dakika moja.

"Upande huo vipi, Mama?" nilipaza sauti.

"Nati zangu hazijapumua hata!" dada alijibu. "Ni nini mmetundika huko?"

"Ni mdogo wako!" mama alimwambia.

Kilichofuata ni kicheko. Kilianza kidogo, kama mtu anayejizuia, kikamshinda, kikatoka kwa sauti kubwa inayokoroma katikati. Mzee, bado ananing'inia, alianza kutetemeka. Nilidhani mikono imemshinda, nikakimbilia kumdaka. Kumbe naye anacheka.

Televisheni tuliipandisha watu watatu, dada akiwa wa tatu, kwa sababu alisema lazima aone mzigo unaowekwa juu ya mali yake. Binti alikuja Jumapili, nilivyosimuliwa. Aliivuta kwa mikono miwili, akaegemea, akaweka na goti ukutani. Haikutikisika. Alipouliza nani amekaza namna hiyo wakamwambia shangazi yake, alitoka nje, akaenda kubisha mlango wa pili.

Bolti zilizopita kwenye mbao hulegea kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo baada ya wiki mimi hurudi kukaza. Nilifika Jumamosi, saa saba na nusu mchana. Televisheni ilikuwa inatangaza habari za hali ya hewa kwa viti vitupu.

"Wako kwake," mama alisema, hakuinua kichwa kwenye mchele aliokuwa anachagua. "Mimi ndiye nalinda kioo."

Chumbani kwa mshonaji, mtoto alikuwa amelala chali juu ya rundo la nguo za mama wa babu yake, kikombe chake mkononi, mdomo wazi. Dada alikuwa anakata kigauni. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda kisichomtosha, anamshikia ncha ya kitambaa kisiteleze.

"Fundi," aliniambia kwa kunong'ona, "mwambie saa sita ilipita. Huu ni wakati wangu."

"Mwambie amchukue," dada alinong'ona, nusu hatua kutoka kwake. "Nani amemzuia?"

"Mwambie mtoto aliyelala hahamishwi."

"Mwambie basi ashike vizuri hicho kitambaa."

Sikumwambia yeyote chochote. Nilitoa spana, nikazigusa nati moja moja. Ya tano ilikuwa imelegea robo mzunguko. Nilipoikaza, chuma kililia kidogo, na wote wawili wakanigeukia kwa pamoja, kidole mdomoni.